Namna ya Kuongea na Fundi wa Paa Ili Ndoo Ibaki Bafuni

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefikisha ukuta kwenye lenta, ana hela ya kupaua mkononi, na usingizi umemkimbia. Dalili zake mtaa mzima unazijua. Akipanda daladala hatazami njia, anatazama mapaa. Akienda msibani, wenzake wameinamisha vichwa, yeye kichwa kiko juu anakagua mbao za mwenye msiba. Wiki iliyopita bati lake lilikuwa la kijani, juzi likawa la kijivu, leo mama watoto ametamka kwamba ni damu ya mzee na mjadala umefungwa.

Kwenye rangi, basi, amehitimu. Tatizo ni kwamba rangi haivuji. Bati zima likiwa jipya halivuji katikati yake hata mvua inyeshe usiku kucha. Maji huingia pale vitu viwili vinapokutana: bati na bati, bati na ukuta, mteremko na mteremko, msumari na tundu lake. Kila makutano yana jina. Usipolijua jina huwezi kuuliza, usipouliza haliandikwi kwenye makubaliano, na lisipoandikwa linabaki kwenye huruma ya fundi. Mafundi wenye huruma hiyo wapo, nawajua na nawaheshimu, ila nyumba ya kulala watoto haijengwi kwa kubahatisha moyo wa mtu.

Kwa hiyo weka pembeni kijitabu cha rangi. Tunapanda juu.

Kabla ya ngazi, bei

Fundi atakutajia bei ya "kupaua". Muulize hapo hapo neno hilo limebeba nini. Kupaua ni kusimamisha mbao, yaani mifupa ya paa. Kuezeka ni kufunika mifupa hiyo. Watu wengi siku hizi husema kupaua wakimaanisha yote mawili, na fundi mjanja anafurahi sana neno likiwa pana wakati wa kupatana na jembamba wakati wa kazi. Ndiyo maana unamkuta mwenye nyumba kaliona bati juu, kashukuru Mungu, halafu anaambiwa, "Bosi, fisha bodi ni hela nyingine. Gata nazo ni za mtu mwingine." Orodhesha kabla: wolpleti, kenchi, papi, bati, kofia, vali, fisha bodi, gata. Kila kimoja mstari wake, kiwe ndani ya bei au nje ya bei. Fundi wa kweli hatakasirika. Atakuona mteja anayeeleweka.

Mifupa

Tuanze chini kabisa. Juu ya lenta inalala mbao iliyoizunguka nyumba nzima. Hiyo ndiyo wolpleti. Juu ya wolpleti zinasimama kenchi, yaani zile pembetatu za mbao zinazojirudia kutoka ncha moja ya nyumba hadi nyingine. Kenchi ina viungo vyake. Mbao iliyolala kutoka ukuta hadi ukuta ni tai bimu. Mbili za mteremko ni rafta. Iliyosimama wima katikati ni kingiposti, na zile za mshazari zinazoshikilia rafta zisilegee ni strati. Juu ya rafta, kwa kukatisha, zinapigiliwa papi, na bati linakaa kwenye papi.

Katika hizo zote, inayodharauliwa zaidi ni tai bimu. Watu hudhani ipo ili dari ipate pa kushikia. Kazi yake hasa ni kuvuta. Uzito wa paa unataka kuzitawanya rafta zisukume kuta nje, na tai bimu ndiyo inayozishika miguu. Siku utakapomkuta mtu ameikata ili apitishe bomba, au ameikalishia tangi la lita 1,000, ambalo likijaa ni tani nzima ya maji, msimamishe kwa sauti. Majirani wakisikia ni sawa.

Wazee wa pwani wana majina yao kwa haya yote, na bado yanafanya kazi. Mti uliolala juu ya ukuta ni mtambaapanya. Miti ya mteremko ni makombamoyo. Mti wa kileleni ambako pande mbili zinakutana ni mwamba. Zinazokatisha ni fito. Nyumba ya makuti ya pande nne ina mapaa mawili makubwa, la mbele na la nyuma, na vipaa viwili ubavuni. Fundi akikuchanganya kwa maneno ya karakana, mwite babu yeyote wa Bagamoyo au Pangani; kwa majina hayo atakuonyesha kila mbao inafanya nini.

Na kuna jambo moja ambalo nyumba za kale zililijua vizuri kuliko ramani nyingi za leo: upana wa chumba una bei yake juu. Kwenye nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, sakafu na mapaa yalibebwa na boriti za mikoko, na boriti ndiyo iliyoamua chumba kiishie wapi: mita 3 hivi, si zaidi sana. Majahazi yalipakia boriti hizo Lamu na delta ya Rufiji kupeleka Oman na Ghuba, na huko nako vyumba vikawa vyembamba kwa sababu hiyohiyo. Mbao za kenchi zimetuwezesha kuvuka zaidi ya hapo, lakini hakuna aliyefuta sheria. Ukitaka sebule ya kuendeshea baiskeli, tai bimu itakuwa ndefu, mbao itakuwa nene, na kenchi zitasogeleana. Amua hilo kwenye ramani. Ukisubiri ukuta ufike juu, atakayeamua ni fundi, tena kwa mbao alizokuwa nazo siku hiyo.

Kwa nyumba ya kawaida ya bati, kenchi hukaa futi 4 hivi kutoka moja hadi nyingine, na papi futi 3 hivi, au pungufu bati likiwa jembamba. Panda na futikamba upime mwenyewe. Ukikuta mahali pamerukwa, jibu litakuwa "Mbao ziliisha, bosi." Mbao zilizoisha hununuliwa.

Mbao yenyewe

Misonobari mingi inayopaua nyumba za Dar es Salaam inatoka nyanda za juu kusini, maeneo ya Mafinga na shamba la serikali la Sao Hill. Ni mbao nzuri ikikauka na ikitiwa dawa. Ikiwa mbichi itapinda ikiwa tayari imepigiliwa, na itavuta misumari pamoja nayo. Ikiwa haina dawa, mchwa hawatahitaji kuelekezwa njia.

Muuzaji atakuonyesha rangi ya kijani na kusema, "Hii ni ya dawa, mzee, angalia mwenyewe." Angalia kweli, lakini usiangalie nje, wala usiangalie kichwani mwa mbao, kwa maana kichwani dawa huingia kwa urahisi. Omba ikatwe moja katikati ya urefu wake. Kama kijani kimeingia ndani sana, hiyo imeingizwa dawa kwa mtambo wa shinikizo. Kama kijani ni ukoko tu wa juu na ndani ni nyeupe, imepakwa au kuchovywa, na umekaribia kulipia rangi. Muuzaji akigoma kukata, hamia duka linalofuata. Halafu kumbuka kwamba kila mbao iliyotiwa dawa ikikatwa kazini inafungua mlango mpya. Kopo la dawa na brashi viwepo pale pale, sehemu iliyokatwa ipakwe kabla haijapanda juu.

Pima na unene. Mbao inayoitwa 2x4 huja na tabia ya kupungua njiani.

Upepo haubonyezi

Hapa naomba usome polepole. Ukimuuliza fundi, "Wolpleti umeifungaje?" anaweza kukujibu, "Bosi, ile haiendi popote, ina paa zima juu yake." Jibu hilo limewalaza watu nje. Upepo mkali ukipita juu ya paa la bati lenye mteremko mdogo, hauligandamizi, unalinyonya kwenda juu, na mnyonyo ni mkali zaidi kwenye kingo: upenuni, pembeni na karibu na kofia. Ukiingia na ndani, kupitia dirisha ambalo halijawekwa kioo, unasukuma kutoka chini pia. Uzito wa bati la geji 30 hauwezi kubishana na hilo.

Ukiona picha ya shule iliyoezuliwa, iangalie vizuri. Mara nyingi bati bado limeshikana na papi zake, limelala zima kwenye uwanja wa mpira. Bati halikuachia. Kilichoachia ni kiungo cha chini yake: papi kwenye rafta, au kenchi kwenye wolpleti, au wolpleti kwenye lenta. Msumari uliopigwa kwenda chini hutoka kwa kuvutwa kwenda juu, na hiyo ndiyo kazi ambayo upepo unaifanya.

Dawa yake ni ya bei ndogo sana kwa kulinganisha na nyumba, ila lazima ifanyike kabla zege halijamwagwa. Wakati lenta inasukwa, fundi aache vipande vya nondo nyembamba vimechomoza juu kila baada ya futi chache. Wolpleti ikilazwa, vipande hivyo vinakunjwa juu yake na kupigiliwa. Halafu kila kenchi inafungwa kwenye wolpleti kwa utepe wa chuma au waya mnene, pande zote mbili. Bati limeshika papi, papi imeshika rafta, rafta imeshika wolpleti, wolpleti imeshika lenta. Ukaguzi wako ni kupita na kidole kwenye mnyororo huo, kenchi hadi kenchi, na kuuliza wapi umekatika. Kama lenta imeshamwagwa bila kitu chochote kuchomoza, bado inawezekana kutoboa na kufunga kwa bolti. Itakugharimu zaidi, lakini ifanye.

Bati, sasa

Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London, alipewa hataza ya bati la migongo. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kulichovya kwenye zinki ili lisipate kutu. Tangu hapo hadi duka la vifaa lililo karibu nawe, mambo mawili hayajabadilika: migongo ndiyo inayolipa nguvu bati jembamba, na zinki ndiyo inayolilinda.

Geji inasomwa kinyumenyume. Namba ikipanda, bati linashuka unene. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Geji 30 inacheza kwenye milimita 0.3, kwa hiyo tofauti unayobishania dukani ni ndogo kuliko ukucha na ni kubwa kuliko miaka kumi ya paa lako. Geji 32 inafaa banda la kuku na stoo. Juu ya chumba unacholala, fundi akikanyaga kati ya papi na papi itabonyea, na pale palipobonyea maji yatatuama. Duka makini lina maikromita. Iombe, bana bati, soma. Rangi nayo ina unene wake, kwa hiyo uliza namba unayoisoma ni ya chuma peke yake au ya chuma na rangi.

Kama nyumba iko jirani na bahari, chumvi italila zinki mapema. Huko uliza bati la alumini, au lenye mchanganyiko wa alumini na zinki uliopakwa kwa wingi zaidi.

Tena umkataze fundi kukatia bati kwa grainda. Ni haraka, inatoa cheche, vijana wanaipenda. Cheche hizo ni chuma cha moto. Zinaunguza rangi na zinki pale zinapotua, na unga wa chuma unaobaki unaota kutu kwa mvua ya kwanza. Miezi michache baadaye bati jipya lina madoa ya kahawia na kila mtu anamlaumu mwenye kiwanda. Mkasi wa bati upo na unatosha.

Mpando na msumari

Bati linapolala juu ya jirani yake, pale yanapopishana panaitwa mpando. Kwa bati la migongo midogo, mpando wa ubavuni uwe mgongo mmoja na nusu, mahali penye upepo migongo miwili. Kichwa kwa mkia, bati la juu lilale juu ya la chini inchi 6 au zaidi, na mteremko ukiwa mdogo ongeza. Mpando ndipo fundi anapookolea mabati. Amekuambia mabati 60, umenunua 56 kwa sababu hela haikufika, naye anakutengenezea muujiza kwa kubana mpando. Muujiza huo utaujua masika.

Mabati yaanze kulazwa kutoka upande ambao mvua ya upepo inaelekea, ili mdomo wa kila mpando uupe upepo mgongo. Kupajua upepo unapotoka, usihangaike na dira. Waulize majirani ni ukuta upi wa nyumba zao unaolowa. Jibu watalitoa kabla hujamaliza swali.

Msumari wa bati una kofia yake na raba yake. Unapigwa juu ya mgongo, kamwe si kwenye bonde, kwa sababu bonde ndiyo njia ya maji. Sogea karibu uangalie mmoja ukipigwa. Nyundo ya mwisho ikiwa sahihi, raba inabanwa na kuchungulia kidogo pembeni mwa kofia, na mgongo wa bati unabaki umeinuka. Nyundo ikizidi, mgongo unabonyea, na kuzunguka msumari panatokea kishimo ambacho kila mvua itakijaza. Nyundo ikipungua, raba inazunguka ukiigusa kwa kidole. Basi panda na kidole chako. Gusa raba kumi hapa na pale. Zikizunguka tatu, kazi irudiwe safu nzima, na fundi ashuhudie.

Halafu kuna msumari uliokosa papi. Fundi amepiga, amehisi hewa, ameung'oa na kupiga pembeni, na tundu limebaki. Kuyapata matundu haya ni rahisi kabla ya dari. Ingia ndani saa sita mchana jua likiwa utosini, funga milango, funika madirisha kwa turubai, kaa kimya dakika chache macho yazoee giza. Kila tundu litajitangaza kwa mshale wa mwanga. Kijana awe juu, wewe gonga kwa fimbo kutoka chini. Mnaziba moja baada ya moja, na kazi hii ikifanyika vizuri itakuokolea jipsamu nzima ya sebule.

Kofia, vali na wenzao

Pale mteremko wa kulia na wa kushoto inapokutana juu, panavikwa kofia. Kasoro yake ni moja: chini ya kofia, katikati ya mgongo na mgongo, pana nafasi. Mvua ya upepo inaingia hapo, na popo wanaingia hapo, nao popo wakishapenda nyumba hawahami. Agiza sponji maalumu zilizokatwa kwa umbo la bati, zibanwe chini ya kofia.

Vali ni kinyume cha kofia. Ni pale mapaa mawili yanapoinamiana na kutengeneza bonde. Hapa ndipo nyumba za Kitanzania zinapovuja, na sababu yake tunaijua sote: tunapenda makona. Mtu anachukua ramani ya picha kutoka intaneti, paa lina vichwa saba kila kimoja kinatazama upande wake, jirani akipita anasema "Hii ni nyumba". Kila kichwa kimekuja na vali zake mbili. Hesabu vali kwenye ramani yako kabla ya kusifia. Paa la pande mbili halina hata moja. Paa la pande nne, la mstatili safi, nalo halina. Yote mawili yakichorwa kwa vipimo vizuri na upenu mpana yanapendeza mno, na nasema hivi nikijua nitagombana na wachoraji.

Ukishaamua kuwa na vali, itengenezwe hivi. Kwanza chini yake kuwe na mbao za kuibeba, isielee hewani. Bati la vali linalazwa kabla ya mabati mengine, zima zima, pana, na kingo zake mbili zikunjwe kwenda juu ili maji yakijaa yasivuke. Mabati ya paa yanakuja juu yake kutoka pande mbili, kila upande ukiingia inchi 6 ndani ya vali, na katikati pabaki wazi upana wa kiganja na zaidi, maji yapite na wewe upate pa kuingiza mkono kuondoa majani. Kwenye uwazi huo hapapigwi msumari wowote. Fundi akikuambia, "Hapo tutapiga silikoni, mama, usiwe na wasiwasi," endelea kuwa na wasiwasi. Silikoni ni msaidizi wa kiungo kilichokwisha kufanywa vizuri. Haitengenezi kiungo.

Bati linapogota ukutani panahitaji flashingi: kipande cha bati kilichokunjwa, upande mmoja umelalia bati la paa, upande wa pili umepanda ukutani angalau inchi 6 na ncha yake imeingizwa kwenye mfereji uliochimbwa ukutani. Kinachofanyika mitaani ni kupiga saruji kwenye kona hiyo. Hesabu ni hii: bati la chuma lenye urefu wa mita 6, likitoka kwenye baridi ya alfajiri kwenda kwenye jua la saa nane, tofauti ya nyuzi 40 hivi, linarefuka karibu milimita 3, na jioni linarudi. Saruji haiwezi kucheza ngoma hiyo. Inapasuka mwezi wa kwanza, na kabla ya kupasuka ubichi wake umeshaila zinki.

Hili linatufikisha kwenye paa la kuficha, lile ambalo kuta zimepanda juu na bati halionekani kutoka barabarani. Limeshika kasi Dar es Salaam, Nairobi na hata mikoani, na wenye nalo hawataki kusikia. Sikilizeni hata hivyo. Paa la upenu likizibwa gata, yaani mfereji wa maji ya paa, maji yanamwagikia nje, unakasirika, unapanda kutoa majani, maisha yanaendelea. Paa la kuficha gata yake imo ndani ya kuta. Jani moja la mwembe, au mpira wa mtoto, likiziba bomba, maji hayana pa kwenda ila chumbani. Ukilipenda, lijenge kwa masharti: gata pana yenye mteremko, mabomba ya kushusha maji yasiwe chini ya mawili, na tundu la dharura lililotoboka nje kupitia ukuta, chini ya kimo cha ukingo wa bati. Siku tundu hilo litakapomwaga maji mbele ya wageni, mtajua kuna bomba limeziba, na makochi yatakuwa makavu.

Upenu, fisha bodi, gata

Upenu ni sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Upe futi 2 au zaidi. Unakinga madirisha, unakinga rangi ya ukuta, unampa mtu asiye na mwavuli pa kusimama. Ncha za rafta upenuni zinafungwa kwa fisha bodi, mbao iliyosimama wima, na hiyo ndiyo inayobeba gata. Fisha bodi bila dawa na rangi itaanza kuoza kwenye maungio, na gata itaning'inia.

Gata nayo watu huiona pambo. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Nyumba ambayo paa lake linafunika mita za mraba 100 za ardhi, basi, inapokea lita 100,000 hivi kwa mwaka. Hata ukipoteza sehemu yake njiani, bado ni matangi mengi ya lita 10,000 yanayojaa bure juu ya kichwa chako huku unamsubiri mwenye boza. Wanawake wa Kenya ya kati walilijua hili. Miaka ya 1960 waliunda vikundi vya kuchangishana vilivyoitwa vikundi vya mabati, wakaezekeana nyumba moja baada ya nyingine, na sehemu ya faida waliyoifuata ilikuwa maji ya mvua ya kukinga nyumbani badala ya kuyafuata mtoni. Ipe gata mteremko, sentimita 1 kwa kila mita 3 hivi, vishikizo vya kutosha, na tangi mwishoni.

Dari, kwa kifupi

Dari isubiri mvua. Bati likishakamilika, acha ndani wazi hadi inyeshe kweli angalau mara moja, uzunguke na tochi na chaki ukiweka alama palipolowa. Ndipo upige brandaringi, yaani mbao za kushikia dari, na jipsamu. Mkandarasi wa dari atakushawishi uanze kesho, ana punguzo. Mwambie masika ikipita mtaongea.

Na fundi wa paa umwambie hivyohivyo tangu siku ya kupatana: sehemu ya ufundi wake italipwa baada ya mvua kubwa ya kwanza, imeandikwa, na wote wawili mmetia sahihi. Kwenye karatasi hiyo iwepo geji ya bati na jina la kiwanda, unene wa mbao, umbali wa kenchi na wa papi, urefu wa mpando, idadi ya vali. Siku ya kufunga kazi, kabla gari la fundi halijaondoka na mabaki, bakisha mabati mawili, kofia moja na mfuko wa misumari yenye raba. Rangi ya toleo lijalo haitafanana na hii, na kiwanda hakitakumbuka yako ilikuwa damu ya mzee ipi.